Jinsi ya kulisoma neno "chit" bila kuviandikia viazi vyeti

Nina duka la steshenari Uyole, si mbali na njia panda ya kwenda Tukuyu. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nasafisha picha za pasipoti, na ukutani nimetundika kibao nilichokiandika mwenyewe kwa maka peni: TUNATAFSIRI KIINGEREZA NA KISWAHILI. Kibao hicho kimenilipia ada za watoto wawili. Kimeniletea pia aibu moja, nayo ndiyo iliyonifanya niandike maelekezo haya.

Mwishoni mwa Septemba ya mwaka mmoja alikuja mzee, katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi kutoka juu huko milima ya Uporoto. Mkononi alikuwa na kijitabu cha kurasa nane alichoachiwa na mgeni Mwingereza aliyepita kijijini kwao. "Mwanangu, tutolee hiki kwa Kiswahili, wanachama wasome." Tukaelewana bei, akaacha nusu. Ukurasa wa tatu nikakutana na sentensi hii: "Chit your seed potatoes for six weeks before planting." Neno la kwanza sikuwahi kuliona. Nikafungua kamusi yangu ndogo, ile niliyonayo tangu sekondari. Ikanijibu kwa mstari mmoja: hati fupi, cheti.

Nikatafakari. Viazi, mbegu, cheti. Mbona inaingia vizuri tu! Si kila mkutano wa kilimo tunaambiwa tupande mbegu zilizothibitishwa, zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu? Nikaandika bila wasiwasi: "Viazi vyenu vya mbegu vipatiwe vyeti wiki sita kabla ya kupanda."

Ningeandika upuuzi wa wazi, mzee angecheka na kunirudishia karatasi yangu. Lakini kosa langu lilivaa nguo za ukweli, likapita mkutanoni, likapigiwa makofi.

Novemba mvua zimeshaanza, mzee akarudi. Safari hii hakusalimia kwa furaha. "Mwanangu, hivyo vyeti vinatolewa ofisi gani? Bwana shamba mwenyewe anashangaa, anasema vyeti vya mbegu anavijua, hizo wiki sita ndizo asizozielewa." Akafungua kiroba akanimwagia viazi vitatu juu ya kaunta. Vilikuwa vimekaa gizani ndani ya magunia vikisubiri cheti, vikatoa machipukizi meupe, membamba, marefu kama kiganja cha mtu mzima. Nusu yake yalikatika pale pale kwa kugusana na mashine ya kopi.

Usiku ule nilikaa na simu nikatafuta neno hilo mpaka bando likaisha. Kumbe "chit" linalozungumzia viazi na "chit" linalozungumzia karatasi ni maneno mawili yaliyokutana njiani kwa bahati, kama watu wawili wenye jina moja wasio na undugu wowote. Na lipo hata linalohusu wasichana. Haya basi, namna ninavyolisoma siku hizi.

Kabla ya kufungua kamusi, tazama neno linafanya kazi gani ndani ya sentensi. Ukikuta ni kitendo, yaani kuna mtu anaki-"chit" kitu, au umeona "chitting" na "chitted", karibu kila mara uko shambani au ghalani kwenye mbegu. Ile ya karatasi hukaa kama jina la kitu: mtu huiandika, huisaini, huipeleka dirishani. Ningelijua hilo tu, "your seed potatoes" kuja mara baada ya neno kungenitosha. Viazi ndivyo vinavyotendwa. Mtu anavifanya nini? Hamwandikii mtu chochote.

Maana yenyewe: ku-"chit" viazi ni kuvichipusha makusudi kabla ya kupanda. Bustani nyingi za Uingereza hufanya hivyo mwishoni mwa majira ya baridi, ardhi ikiwa bado baridi mno kupandwa, ili kiazi kiingie udongoni kikiwa tayari kimeamka. Wanavipanga kwenye trei za mayai, kimoja kimoja, ule upande wenye macho mengi ukitazama juu. Mahali pawe na ubaridi, pasipoganda, na pawe na mwanga, ila jua lisivipige moja kwa moja. Baada ya wiki nne hadi sita kila jicho linakuwa limetoa kichipukizi kifupi, kinene, cha kijani au zambarau, urefu wa kama sentimita mbili na nusu. Mwanga ndio siri yote. Gizani kiazi hujinyoosha kuutafuta, ndiyo maana vile vya mzee vilitoka vyeupe na dhaifu. Mwangani hakina haja ya kukimbia, kinatulia na kunenepa.

Hapa kwetu jambo hili si geni hata kidogo, jina la Kiingereza tu ndilo geni. Mkulima wa Umalila au Isyonje anajua kiazi kikitoka shambani kinalala kwanza, na wataalamu wa ugani husema kipo kwenye ubwete. Anajua pia kwamba mbegu ya kupanda haikai kwenye gunia lililoshonwa, inatandazwa kwenye chanja au ghala la mwanga hafifu. Mzee mwenyewe nilipomweleza alinitazama kwa muda, akasema: "Yaani walikuwa wanatuambia tutandaze mbegu? Hilo si mama yangu alikuwa anafanya?" Sikuwa na jibu. (Ukitandaza hivyo, kumbuka viazi vikigeuka kijani si vya kula tena. Vina sumu. Watoto waambiwe.)

Kwa hiyo tafsiri yangu sasa ni "chipusha": "Chipusheni viazi vya mbegu kwa wiki sita kabla ya kupanda." Wapo wanaopenda "otesha", nami siwapingi sana, ila otesha inamchanganya msomaji kwa sababu miche huoteshwa kitaluni, tena ndani ya udongo. Na kile kichipukizi chenyewe, ambacho nacho Waingereza wanakiita "chit", kiite kichipukizi au chipukizi, basi.

Neno hilohilo utalikuta kwenye shayiri na mpunga. Watengenezaji wa kimea husema shayiri "has chitted" pale ncha nyeupe ya mzizi inapochungulia chini ya punje. Nilipolisoma hilo nikamkumbuka bibi yangu Tukuyu na ulezi wake wa kutengenezea kimpumu, pombe yetu ya kienyeji: anauloweka, anaufunika, kila asubuhi anafunua na kuangalia kama umechungulia. Hilo la kuchungulia ndilo neno lake, na kusema kweli ni tafsiri nzuri kuliko zote nilizowahi kubuni. "The grain has chitted": punje zimechungulia. Kwa mpunga, kama kuna maelekezo ya kuloweka mbegu siku nzima kisha kuifunika siku moja au mbili kabla ya kumwaga kitaluni, na yakasema "chitted seed", wakulima wa Mbarali hawahitaji maelezo marefu. Ni mbegu iliyolowekwa ikaanza kuota.

Sasa karatasi.

"Chit" ya karatasi ilitoka India. Kihindi kina "chitthi", barua au kijibarua, na wafanyabiashara wa Kiingereza walioishi huko waliokota neno hilo wakasema "chitty", baadaye wakalikata likawa "chit", karne ya 18. Sasa ngoja nikuambie kilichonifurahisha usiku ule pamoja na aibu yote: "cheti" chetu nacho kimetoka kwenye "chitthi" hiyohiyo. Wahindi walifanya biashara pwani yetu pia. Kiswahili kikalisikia neno linaanza na "ch", kikaliingiza kwenye ngeli moja na chakula na chumba, na wingi wake ukawa vyeti kana kwamba lilizaliwa hapa.

Kwa hiyo kamusi yangu haikunidanganya. Cheti na "chit" ni ndugu. Tatizo ni kwamba ndugu hawa walipata bahati tofauti maishani. Yule wa Kiingereza alibaki kuwa kipande cha karatasi kinachochanwa kutoka kwenye daftari: saini hapa, peleka stoo, kitupe. Wetu alipanda cheo. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha kidato cha nne. Mwaka 2017 serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi, watu 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, na nchi nzima ikazungumza. Sijasikia Uingereza nzima ikitikiswa na "chit" ya kahawa mbili.

Basi ukilikuta, jiulize karatasi hiyo inampa mtu nini. Kama inatoa vitu ghalani, andika kikaratasi cha kuchukulia, au hati ya kutolea mali ikiwa mazingira ni ya kiofisi. Kama ni kumbukumbu ya deni la vinywaji, kama walivyofanya wakoloni kwenye klabu zao, ambapo mtu hakulipa taslimu bali alisaini na kulipa mwisho wa mwezi, andika karatasi ya deni. Kama mtu amelipa, risiti au stakabadhi. Kama ni ya ruhusa, kibali. Mwanamaji wa Marekani akitaka likizo hujaza "chit", nayo ni fomu ya maombi tu. Daktari wa jeshi akimwandikia askari "sick chit", ni karatasi ya kumpumzisha kazi. Hapo tu ndipo ninapothubutu kusema cheti, kwa sababu hata zahanati zetu mtu husema "nimeandikiwa cheti, naenda dirisha la dawa". Matumizi hayo ya hospitali yamebaki karibu sana na asili kuliko yote tuliyonayo.

Kuna moja ya kusisimua, "blood chit". Usikimbilie "cheti cha damu", msomaji atadhani ni majibu ya maabara. Ni kitambaa au karatasi ambayo rubani wa kijeshi hubeba, imeandikwa kwa lugha za wenyeji wa nchi anazopita juu yake, ikiwaomba wamsaidie akianguka na kuahidi zawadi. Marubani wa Uingereza walikuwa nazo India na Mesopotamia wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Baadaye marubani Wamarekani waliopigana China, wale waliojulikana kama Flying Tigers, walishonewa za kwao mgongoni mwa jaketi, zenye bendera ya China na maandishi ya Kichina. Mimi ningeandika "hati ya kuomba kuokolewa", kisha nieleze kwa sentensi moja. Sentensi ya maelezo si dhambi. Watafsiri wengi huogopa kuongeza maneno wakadhani ni udhaifu, halafu wanamwacha msomaji gizani kama viazi vya mzee.

Ukisoma magazeti ya India, na siku hizi vijana wetu wanaosoma huko hunitumia habari nyingi, utaona "clean chit". Waziri kapewa "clean chit" na tume. Hakuna karatasi safi hapo. Maana yake ameonekana hana hatia. Kiswahili chetu kina neno tamu la kufaa, kusafishwa: "Tume imemsafisha waziri." Lina hata ule ukakasi kidogo wa anayesema, kana kwamba haamini sana. Kama hutaki ukakasi, sema ameonekana hana kosa.

Wamarekani nao, hasa kwenye siasa, husema mtu "is calling in his chits". Picha ni ya mtu aliyekusanya karatasi za madeni, sasa anazunguka kudai. Lakini anachodai ni fadhila. Tafsiri: anadai fadhila zake. Nimewahi kuona mtu katafsiri "anaita vyeti vyake", nikamwonea huruma kwa sababu najua njia aliyopita.

Na hapa simama kidogo, maana pana fedha za watu: "chit fund". Ni mchezo wa kupokezana. Watu wanachanga kiasi kilekile kila mwezi, na kila mwezi mmoja anachukua chungu chote. Jina lilitokana na vile vikaratasi vya majina vilivyokuwa vikiokotwa kwa bahati nasibu. Siku hizi nyingi huendeshwa kwa mnada: anayekubali kukatwa kiasi kikubwa zaidi ndiye anachukua mwezi huo, na kilichokatwa wanagawana wengine. India ina sheria yake tangu 1982, na jimbo la Kerala lina kampuni ya serikali inayoendesha michezo hii tangu 1969. Kina mama wa soko la Mwanjelwa wataelewa kabla hujamaliza kueleza. Ila chagua neno kwa uangalifu. Ukisema "upatu" unaweza kumaanisha mchezo wa heri, na unaweza kumaanisha ule utapeli wa piramidi unaokatazwa na sheria zetu. Mimi huandika "mchezo wa kuchangiana kwa zamu" habari ikiwa ya kawaida. Habari ikiwa ya watu kulizwa, kama ile ya Saradha kule Bengal Magharibi mwaka 2013, naandika upatu, kisha naongeza kwamba magazeti yaliiita "chit fund" ingawa haikuwa mchezo wa zamu hata kidogo.

Limebaki la wasichana, na hili utalikuta zaidi kwenye hadithi za zamani ambazo wanafunzi huniletea: "a chit of a girl", au "a mere chit". Asili yake ni ya mbali, karne ya 14, "chitte" ikiwa na maana ya kitoto cha mnyama. Karne ya 17 wakaanza kuwaita hivyo watu, kwa dharau, hasa binti mdogo anayejibu wakubwa. Haina uhusiano na karatasi. Na viazi je? Kichipukizi na kitoto si mbali sana kimawazo, lakini siwezi kukuapia.

Kiswahili hapa kinamshinda Mwingereza mbali. Yeye amelazimika kutafuta neno zima, sisi tuna ki. Msichana, kisichana. Na siri iko kwenye upatanisho. Ukiandika "kisichana kile anajibu wakubwa", umemhurumia katikati ya sentensi. Andika "kisichana kile kinajibu wakubwa", uone dharau inavyokaa. Kwa "a mere chit" ninatumia "kitoto cha juzi". Anayesema kwenye hadithi huwa ni shangazi au bwana mwenye mali, na "kitoto cha juzi" unaweza kumsikia shangazi yeyote wa Rungwe akilitamka huku amegeuza shingo. Usilitumie neno hili la Kiingereza kwa mtu aliye hai. Limezeeka, na halijawahi kuwa la heshima.

Mengine ni majirani tu. "Chit-chat" ni porojo, imezaliwa na "chat" kwa kurudufu sauti. "Chitin" ni kitu kinachofanya gamba la mdudu kuwa gumu, na asili yake ni vazi la Kigiriki. Ukiyaona, pita.

Kuhusu kutamka: ni "chit", fupi, midomo isivutwe, na tafadhali ch iwe ch kweli. Ulimi ukiteleza ukasema sh mbele ya mgeni, umetoka shambani umeingia chooni. Ninasema hivi kwa sababu nilimfundisha mzee kulisema, naye akalirudia kwa sauti mara nne mbele ya foleni ya wateja wa kopi, mara ya tatu ikateleza, na mwalimu mmoja wa sekondari akaangusha kalamu.

Tulipatana, mimi na mzee. Nilitaka kumrudishia fedha yote, akachukua nusu: "Kurasa nyingine ulizitoa vizuri." Nikamchapia upya ukurasa wa tatu bure, nakala arobaini. Msimu uliofuata akaniletea sadolini moja ya viazi, nami nikatoa vinane nikavipanga kwenye trei ya mayai dirishani mwa duka, macho juu, ili nione kwa macho yangu kitu nilichokitafsiri. Viko pale hadi leo, vingine nimevipanda uani, vingine nimeweka vipya. Wateja wanadhani nauza.

Kama unataka kujipima, nimetunga sentensi ya kufanyia zoezi: "The storekeeper handed that chit of a girl a chit for two sacks of chitted potatoes." Funika mistari inayofuata kwa mkono kwanza.

Yangu ni hii: "Mtunza stoo alikipa kisichana kile kikaratasi cha kuchukulia magunia mawili ya viazi vilivyochipushwa."

Niliridhika nayo, ki na vi zimejipanga zenyewe kama zilipigiwa filimbi. Mzee alipopita dukani nikamsomea kwa majivuno. Akasikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akajikuna.

"Hayo magunia mawili," akauliza, "ni ya lumbesa au ya kawaida?"